Jibu: Kava la injini ya RV-7 (ndege ndogo ya kujiundia) linaloungua karibu na ekzosi

Mkuu, umesema rangi imebabuka na faibagilasi imekuwa kahawia kwenye kava la chini, pale bomba la ekzosi linapopita. Kabla hujanunua chochote, pima nafasi iliyopo kati ya bomba na kava. Injini ya Lycoming hutikisika sana wakati wa kuwashwa na kuzimwa, na mipira inayoishikilia ikichoka injini hushuka. Kama hata kidole hakipiti, anza na hilo.

Kisha funga ngao ya bati la stenlesi kwenye bomba lenyewe kwa klempu za hosi, iachane na bomba kidogo ili hewa ipite katikati. Hapa ndipo joto linapozuiwa hasa. Moshi wa ekzosi hufika nyuzi 700 za Selsiasi na kuzidi, ilhali epoksi (gundi inayoshikanisha faibagilasi) iliyokauka yenyewe bila kupashwa huanza kulainika hata kabla ya nyuzi 100.

Ndani ya kava, kwangua palipoungua, jenga upya, halafu paka epoksi nyepesi eneo lote mpaka vitundu vizibe. Tafadhali usiruke hatua hii: faibagilasi iliyonyonya oili karibu na ekzosi inaweza kukuwakia angani. Juu yake bandika karatasi ya alumini yenye gundi inayohimili joto, na kingo zote uzizibe kwa silikoni ya joto kali, oili isipenye chini yake.

Ukishaegesha, fungua kidirisha cha kukagulia oili kilicho juu ya kava. Injini ikizimwa hakuna tena upepo wa kupooza, na joto lote hupanda kwenye kava la juu.