Gundi ya kushikisha chembe kwenye mshale wa kaboni, kwa sisi tunaokaa kwenye joto na chumvi

Jumamosi moja nlivuta mshale kutoka kwa shabaha, ukaja mwepesi, kuangalia mbele naona tundu tupu. Chembe, yaani kile kichwa chenye ncha cha mshale, kimebaki ndani ya gunia la shabaha pamoja na inseti yake. Nkavuta wa pili, vilevile. Katika mishale sita minne ilirudi bila vyembe, na kuchimbua vyembe kwenye gunia lililoshindiliwa matambara ni kazi ya nusu saa na koleo mkononi.

Hapa nazungumzia mishale ya shabaha tu manake kuwinda Kenya kumepigwa marufuku tangu 1977. Na kwa asiyejua, inseti ni kile kibomba kidogo cha alumini kinachoingia ndani ya wano (wazee waliita hivyo ule mwili wa mshale, mi napenda neno lenyewe), kina thredi ndani, chembe unakizungusha kama skrubu. Kinachoshika inseti na kaboni ni gundi peke yake, hakuna msumari hakuna uzi. Mshale ukipiga, mshindo wote unapita hapo, na ukiuvuta, nguvu zote za mkono wako zinapita hapohapo.

Sasa siku ile podo (mfuko wa kubebea mishale) lilikuwa limekaa ndani ya gari tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, vioo vimefungwa, jua la kaskazi la hapa Malindi mnalijua. Na mi nlikuwa nimetumia gundi ya kuyeyusha, tena ile ya joto la chini iliyotengenezewa kaboni, si vile vijiti vya kubandikia mapambo ya harusi. Gundi haikuwa mbaya. Uzuri wake ni kwamba ukitaka kutoa inseti unatia mbele ya mshale ndani ya maji ya moto kidogo, inalainika, unaivuta na koleo, mshale mzima uko salama, kwa hiyo anayejaribujaribu uzito wa vyembe, leo greni 100 kesho 125 (greni ndo kipimo cha uzito wa vyembe), itamfaa sana. Lakini kitu kinacholainishwa na moto kitalainishwa na gari pia. Ukiamua kuitumia, podo likae kivulini na wewe, usiliache kwenye buti hata dakika kumi. Na unapoipasha, pasha chembe kilichofungwa kwenye inseti, kamwe usiweke moto kwenye kaboni yenyewe, kwa sababu nyuzi za kaboni zimeshikwa na resini na hiyo resini ikiungua wano limekufa hata kama kwa macho halina kitu.

Supaglu nimeijaribu pia. Ile inakauka kwa kukutana na unyevu, na hapa kwetu unyevu ndo hewa yenyewe, siku moja inseti ilinishikia katikati ya njia, nusu ndani nusu nje, haisogei mbele wala nyuma, ikabidi nikate wano. Halafu hata ikishika vizuri ni kavu kama kioo, inastahimili kuvutwa lakini mshindo wa kupiga tena na tena unaivunja. Mi nimeiachia kubandika manyoya tu.

Kwa hivyo nimebaki na epoksi ya tyubu mbili, na hapa ndo nataka tukae kidogo manake watu wengi wanaitumia halafu wanasema haishiki. Aliyenifungua macho ni fundi wa boti za faiba, zile za kuvulia za watalii, nlimpelekea mshale na inseti iliyotoka, akaiangalia tu akaniambia, "Mwanangu, gundi yako imeshika vumbi, haijashika kaboni." Na kweli, ile gundi yote ilitoka na inseti, ndani ya wano hakuna hata alama. Ukikata wano unga mweusi wa kaboni unabaki ndani, na inseti ikitoka kiwandani inakuja na mafuta ya mashine ambayo huyaoni. Sasa mi nafanya hivi: msasa laini naukunja kwenye kijiti naupitisha ndani ya wano mpaka ule mng'ao uishe, halafu pamba za masikio na spiriti, napitisha moja baada ya nyingine mpaka pamba itoke nyeupe, wakati mwingine ni tano sita kwa mshale mmoja na sichoki. Inseti nayo naipiga msasa nje, naifuta na spiriti, na baada ya hapo siigusi kwa vidole. Ule unga usiuvute puani tafadhali, vaa barakoa na ukate ukiwa nje.

Kuchanganya ni sawa kwa sawa kama tyubu zako zimeandikwa hivyo, koroga dakika mbili nzima. Ile ya dakika tano na ile ya kukauka polepole mi nachagua ya polepole, inashika kwa nguvu zaidi na inakupa muda. Tena ule muda ulioandikwa kwenye boksi umepimwa kwenye chumba cha baridi baridi, huku kwetu nyuzi joto 31 au 32 unapungua sana, kwa hiyo nachanganya kidogo, ya mishale mitatu, naitandaza kwenye kipande cha tailsi, manake ukiirundika kwenye kikombe inajipasha yenyewe na kuganda kabla hujamaliza.

Paka inseti yote pande zote usiache hata doa, na sababu yake kwa sisi wa pwani ni kubwa kuliko kushika tu. Kaboni inapitisha umeme. Ukiigusanisha na alumini halafu kati yao kukaingia maji ya chumvi unakuwa umetengeneza betri ndogo, na kwenye betri hiyo alumini ndo inayoliwa. Mishale yangu ya kwanza nliyopaka gundi kwa haraka ilianza kutoa unga mweupe pale mdomoni, nkadhani ni uchafu wa gundi, kumbe inseti inalika. Gundi ikizunguka kote inakuwa ukuta kati ya hivyo viwili. Na ukirudi kutoka kulenga karibu na ufuo, mishale ifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi halafu uikaushe.

Kabla hujasukuma inseti ndani, toa noki ya nyuma, kile kipande kinachoshika uzi wa upinde. Hili sikuambiwa na mtu, nlikuwa naweka inseti vizuri kabisa nikirudi baada ya dakika kumi nakuta imetoka milimita mbili, kumbe hewa iliyofungiwa ndani inaisukuma. Ukitoa noki hewa inapata njia. Ingiza huku unazungusha ili gundi isambae, futa iliyozidi pale mdomoni, hakikisha thredi hazikuingia gundi, halafu simamisha mshale mbele chini juu ya karatasi ya nailoni ili gundi isitiririke ndani ya wano ikaongeza uzito mahali usipotaka. Uache mpaka kesho yake saa zilezile. Najua mkono unawasha, lakini epoksi ambayo ukiigusa haikunati bado haijapata nguvu zake zote.

Kuvuta kwenyewe pia, shika wano karibu kabisa na shabaha, mkono mwingine ukandamize shabaha, vuta kwa kunyoosha bila kupindisha. Halafu kila nikivuta napinda mshale kidogo sikioni nasikiliza kama kuna mlio wa kupasuka, na napapasa chembe kama kinacheza. Siku nikifungua chembe nikaona inseti inazunguka nacho, mshale huo nautoa kwenye podo palepale, haurudi mpaka nimeitoa inseti, nimesafisha upya na kubandika tena.