Mtoto mmoja akikutwa na saratani ya jicho, wapime na wengine

Mzazi yeyote ambaye mtoto wake amekutwa na retinoblastoma, yaani saratani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, namsisitizia hili: usitoke kliniki kabla hujauliza kama ni aina ya kurithi. Madaktari wakiwa na foleni ndefu huongelea jicho lililo mbele yao, na wana haki, kwa sababu uhai ndio wa kwanza. Lakini jibu la swali hilo linawahusu pia watoto waliobaki nyumbani na wale ambao hawajazaliwa.

Binti yangu aliugua macho yote mawili. La kushoto lilitolewa, la kulia likaokolewa kwa dripu za dawa na leza. Sasa anasoma shule ya msingi na anavaa jicho la bandia. Ugonjwa ukiwa macho yote mawili, karibu kila mara ni wa kurithi. Ukiwa jicho moja, mara nyingi sio, ila usijiridhishe: takriban mtoto mmoja kati ya saba wa kundi hilo naye ana hitilafu ya jeni, yaani maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli, mwili mzima.

Mtu aliyenisaidia kuelewa haya hakuwahi kuniona. Alfred Knudson alikuwa daktari wa watoto na mtafiti wa jenetiki kule Houston, Marekani. Mwaka 1971 alichapisha hesabu alizofanya kwa kutumia kumbukumbu za wagonjwa 48. Aliona kwamba wanaougua macho yote mawili huanza mapema kuliko wa jicho moja, akahitimisha kwamba uvimbe huhitaji hitilafu mbili. Tunazo nakala mbili za jeni inayozuia seli za retina zisizaliane ovyo. Mtoto anayezaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli amebakiza hitilafu moja tu ili augue. Mwingine inabidi apate zote mbili kwenye seli ileile, jambo ambalo ni nadra. Mwaka 1986 jeni yenyewe, RB1 iliyo kwenye kromosomu ya 13, ikapatikana Boston, na mmoja wa walioipata, Thaddeus Dryja, alikuwa daktari wa macho.

Hapo nataka kusema na akina baba wenzangu. Mke wangu alisemwa sana. Mashangazi zangu walidai ugonjwa umetoka kwenye ukoo wa mke wangu, wengine wakataja mkosi. Ukweli ni kwamba watoto wengi wenye aina ya kurithi ndio wa kwanza katika ukoo wao: hitilafu imeanza upya, hakuna aliyeileta. Baba, hilo liseme wewe mbele ya ndugu zako, tena mapema. Usimwachie mama mzigo wa kujitetea huku anauguza.

Kipimo cha jeni ni ghali, na sisi sampuli ilibidi ipelekwe nje ya nchi. Ukishindwa kukipata, usikate tamaa. Kila mtoto anayezaliwa baada ya mgonjwa apelekwe kwa daktari bingwa wa macho katika wiki zake za mwanzo, apanuliwe mboni na kuchunguzwa retina, kisha arudi kwa ratiba atakayopangiwa, hata kama macho yanaonekana mazima. Hospitali za Muhimbili, KCMC Moshi na Kenyatta kule Nairobi wanaujua ugonjwa huu. Mdogo wake binti yangu alipitia hayo yote, naye yuko salama.

Kwa ambaye bado hajajua lolote: ukiona mboni ya mtoto inang'aa weupe kama jicho la paka, hasa kwenye picha ya flashi, au kengeza limeanza ghafla, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Huenda ikawa mtoto wa jicho, ambao nao hausubiri. Dawa za kutia jichoni za dukani zisikupotezee muda.

Wenye aina ya kurithi wanabaki na hatari ya saratani nyingine baadaye maishani, ikiwemo ya mifupa, na tiba ya mionzi huiongeza. Kwa hiyo maumivu ya mfupa yasiyoisha tusiyaite ya kukua. Mwambie kila daktari historia hiyo.

Na tunza majibu ya maabara ya jicho lililotolewa. Omba nakala, ziweke sehemu mbili. Binti yangu akija kuzaa, kila mtoto wake atakuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi jeni hiyo, na kliniki itakayompokea itazihitaji karatasi hizo.