Nipe Riwaya ya Mpira Nisiyoiacha Njiani: Wasomaji Wanauliza, Wasomaji Wanajibu

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu riwaya iliyowafanya muunguze wali jikoni, na barua zimekuja nyingi, nyingi ni za watu wa kidato cha kwanza mpaka cha nne, afu karibu zote zinazunguka palepale, safari za hatari, majini na uchawi, na mpira. Najibu nilizoweza. Pale ambapo msomaji mwenzenu kajibu vizuri kuliko mimi nimemwachia yeye nafasi.

Dada, mi ni winga wa timu ya shule, kidato cha pili, Morogoro. Vitabu vya fasihi vya darasani havinishiki, nikifika ukurasa wa kumi nasinzia. Kuna riwaya ya mpira kweli kweli, ambayo mechi inachezwa humo ndani na sio mpira unatajwa tu?

Zipo mdogo wangu, ila nianze na kitu kinachoniuma. Kwenye rafu za riwaya za Kiswahili nilizopekua mimi, mpira unapita tu kama mtu anayekatiza uwanja, mhusika anarudi kutoka mazoezini, anaoga, hadithi inaendelea na mambo mengine. Na wakati lugha ya mpira tunayo tele! Sikiliza redio siku ya Simba na Yanga, kanzu, tobo, chenga, kapaisha, mtu yuko gizani umeme umekatika na bado anauona uwanja mzima. Kwa hiyo kwa sasa nakutuma kwenye Kiingereza, usiogope, hivi nitakavyokutajia ni vyepesi.

Anza na Now Is the Time for Running ya Michael Williams wa Afrika Kusini. Kuna dogo anaitwa Deo, anacheza mpira kwenye vumbi la kijijini kwao Zimbabwe na wanajeshi wanafika, kuanzia hapo ni kukimbia, yeye na kaka yake Innocent. Innocent ndo mkubwa lakini ana hali ambayo inabidi Deo ndo amlinde, na hilo ndo lililonishika mimi kuliko hata mechi zenyewe. Wanaingia Afrika Kusini, wanakutana na chuki dhidi ya wageni, na mpira unakuja kumwokoa Deo baadaye sana, mitaani Cape Town. Kuna sehemu utaumia, nakwambia mapema ili usije ukasema dada hakunionya.

Kama kwenye timu yenu kuna anayependa kukimbia kuliko kupiga mpira, mpe Ghost ya Jason Reynolds, Marekani, 2016. Castle, dogo wa humo, alijua ana mbio usiku ule baba yake alipowafyatulia risasi yeye na mama yake, yani alijifunza kukimbia kwa kuokoa roho, halafu anakutana na kocha ambaye kazi yake ni udereva teksi. Ukiimaliza hujabaki mikono mitupu, ni ya kwanza kwenye mfululizo, na nne za mwanzo kila moja ina mwanariadha wake wa timu ileile.

Na kwa wa kikapu, The Crossover ya Kwame Alexander, ilipata Medali ya Newbery, tuzo kubwa ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 2015. Hii riwaya nzima ni mashairi! Mapacha wawili, baba aliyewahi kucheza kikapu, na mistari inadunda kama mpira wenyewe. Sisi watu wa tenzi tungeweza kuwa tumeshaandika hata tano za hivi.

Mimi sina swali, nataka kumjibu huyo winga na wengine wanaotafuta mpira. Nina miaka 15, niko Mwanza, nina ualbino. Mpira nacheza jioni tu jua likishashuka, na wenzangu wananisubiri. Binamu yangu aliniletea kitabu cha Akata Witch cha Nnedi Okorafor. Msichana wa humo, Sunny, ana miaka 12, anaishi Aba, Nigeria, ana ualbino kama mimi, anapenda mpira kama mimi, na jua linamchoma kama mimi. Nilisoma kurasa tatu za mwanzo nikakifunga kwanza, nikakaa. Sijawahi kujikuta ndani ya kitabu. Waambieni wasome.

Nimeisoma barua yako mara nne, mdogo wangu. Sina kikubwa cha kuongeza ila kwa ambao hawajakishika: Sunny anagundua ana nguvu ambazo familia haikumwambia, anaingia kwenye ulimwengu wa uchawi uliojificha ndani ya Nigeria hiihii tunayoijua, na marafiki watatu, na kuna muuaji wa watoto anayepaswa kuzuiwa. Kule hela inaitwa chittim na haipatikani kwa kuuza kitu, inadondoka kutoka juu pale unapojifunza jambo jipya, ukielewa jambo kubwa inamwagika miguuni pako. Mimi hapo ndo nilipopendea. Na winga wetu asiwaze, kuna mechi, Abuja, wavulana hawataki msichana aingie, na Sunny anaingia. Nakuachia uone mwenyewe anafanya nini.

Sisi tunajua nchi hii watu wenye ualbino wamepitia nini kwa sababu ya imani za kichawi. Kumkuta mwandishi anachukua uchawi huohuo na kumpa msichana mwenye ualbino awe ndo shujaa, mwenye timu, mwenye akili, mwenye bao, hilo mi naliona jambo zito sana. Okorafor mwenyewe alikuwa mchezaji wa tenisi ujanani, akafanyiwa upasuaji wa mgongo akapooza kwa muda, na ni kitandani hapo ndipo alipoanza kuandika hadithi. Dondoo ya wanunuzi: Nigeria kilitoka kwa jina lingine, What Sunny Saw in the Flames, ukikiona usinunue mara mbili.

Dada niko Mombasa, form three. Darasani kwetu kila mtu ni wachawi wa Uingereza na madragoni. Nauliza tu, Kiswahili hakina hadithi za ajabu? Mwalimu akisema riwaya ya Kiswahili tunajua ni ndoa, ufisadi na UKIMWI.

Ninacho mwanangu, na kimekaa kwenye rafu ya shule yenu muda wote. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, 1952. Najua, ukisikia Shaaban Robert unawaza mtihani, sahau mtihani. Sikiliza: mjumbe wa mfalme analala nyumbani kwa liwali Adili, mtu mpole, na usiku anamwona anawatoa manyani wawili, anawachapa viboko, akimaliza analia, anawafuta machozi na kuwalisha chakula kizuri. Kila usiku! Sasa wewe mwambie rafiki yako hapohapo tu na unyamaze, uone kama hatakufuata mpaka bwenini kuuliza kwa nini. Ndani kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kuna jini wa kike, kuna ndugu wanaomtupa ndugu yao baharini. Kiini chake kinatoka kwenye Alfu Lela U Lela, zile hadithi za kale za Kiarabu, kule wanyama ni mbwa, Shaaban kawafanya manyani na kaiandika upya kwa Kiswahili ambacho ukikisoma kwa sauti mdomo unafurahi. Yani bibi zetu wa pwani walikuwa na majini na visiwa kabla dragoni wa mtu hajapanda meli kuja huku.

Ukimaliza hicho tafuta Walenisi ya Katama Mkangi wa huko huko pwani kwenu, 1995. Jamaa anaitwa Dzombo kahukumiwa kufa, anafungiwa kwenye chombo cha angani kikamuue, na chombo kinamfikisha sayari nyingine. Jina lenyewe litamke polepole utaona alichoficha. Kina siasa nyingi, kuna kurasa zinaburuza, lakini mwanzo wake unakaba koo.

Jibu kwa yule aliyeuliza upelelezi usio na risasi kila ukurasa: Mzimu wa Watu wa Kale, wa Muhammed Said Abdulla. Maiti inakutwa kwenye mzimu, yani pale mahali pa kutambikia, watu wote wanaogopa mizimu, Bwana Msa, mpelelezi, anavuta kiko chake anafikiri. Basi. Msomaji, Unguja.

Basi kweli. Ilishinda shindano la uandishi la 1957 hadi 1958, na mi bado ningependa kuwa Najum, rafiki yake, nikae tu pembeni niulize maswali ya kijinga.

Hela ya vitabu natoa wapi?

Maktaba ya mkoa, ada yake ni ndogo. Wauza vitabu vya mtumba mjini. Au mkae watano, kila mmoja anunue kimoja, mzungushane, na mkubaliane kabisa nani analipa kikilowa, sisi tulisahau hilo na urafiki mmoja ukayumba wiki tatu.

Dada, mama anasema hizi hadithi za safari na majini zinanipotezea muda wa mtihani wa kidato cha nne. Jana kanificha kitabu. Nifanyeje? Niko Tanga.

Usibishane naye, na kitabu usikiibe alikokificha. Azima Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Ni kijana wa hapohapo Tanga, Msanifu Kombo, wanamwita Kongowea Mswahili, anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, safari tupu, na Kenya waliitahini miaka kadhaa kwa hiyo hilo la mtihani mama hatakuwa na neno. Halafu mama yake Kongowea ni mwimbaji wa taarabu. Mwambie hivyo tu mama yako, kaa naye jioni anapochambua mchicha, na umsomee sura ya kwanza kwa sauti.