Maswali ya Wasomaji: Faktori Ngapi, na Nani Anazipa Majina?

Safari hii ukumbi wetu umechagua barua nne zinazohusu uchanganuzi wa faktori, mbinu ya takwimu ambayo wasimamizi wengi wa tasnifu huiagiza na ambayo wanafunzi wengi huitekeleza kwa kubofya tu. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu majibu ya nyingine yanategemea yaliyoelezwa humo.

SWALI: Mhariri, salamu. Ninasoma shahada ya uzamili ya elimu. Nimewapa walimu 210 wa shule za msingi hojaji yenye kauli 24 kuhusu kuridhika kwao na kazi, kila kauli ikijibiwa kwa ngazi tano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Programu ya kompyuta imenipa faktori saba. Msimamizi wangu anasema nadharia inazo tatu tu: mshahara, uongozi wa shule na kazi yenyewe. Nimfuate nani, na hizo faktori ni kitu gani hasa?
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Ndugu mwanafunzi, tuanze na nusu ya pili ya swali lako, kwa kuwa nusu ya kwanza haijibiki bila hiyo. Mbinu hii ilianzia kwenye alama za shuleni. Mwaka 1904 Charles Spearman, Mwingereza aliyeacha jeshi akaenda Ujerumani kusomea saikolojia, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mtoto anayefanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine, hata yale yasiyofanana nalo. Hoja yake ilikuwa kwamba nyuma ya alama zote hizo kuna kitu kimoja kisichoonekana, yaani faktori, ambacho kila somo hukibeba kwa kiasi chake, na kwamba masomo mawili huhusiana kwa sababu tu yote mawili yamekibeba kitu hicho.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa penseli. Chukua kauli tatu za kubuni: "Ninafurahia kufundisha", "Ningepewa nafasi ya kuchagua upya ningechagua ualimu" na "Naona fahari kujitambulisha kuwa mwalimu". Tuseme kipimo cha uhusiano kati ya kauli ya kwanza na ya pili ni 0.56, kati ya ya kwanza na ya tatu ni 0.48, na kati ya ya pili na ya tatu ni 0.42. Zidisha 0.56 kwa 0.48, kisha gawanya kwa 0.42, utapata 0.64, ambayo kipeuo chake cha pili ni 0.8. Huo ndio uzito wa kauli ya kwanza kwenye faktori. Ukifuata njia hiyohiyo, kauli ya pili itapata 0.7 na ya tatu 0.6. Sasa rudi nyuma: 0.8 mara 0.7 ni 0.56, 0.8 mara 0.6 ni 0.48, na 0.7 mara 0.6 ni 0.42. Namba zote tatu ulizoanza nazo zimeelezwa na kitu kimoja. Ile 0.64 nayo ina maana yake: asilimia 64 ya tofauti za majibu kwenye kauli ya kwanza zinatokana na faktori, na asilimia 36 zilizobaki ni mambo ya kauli hiyo peke yake pamoja na makosa ya upimaji. Kompyuta yako imefanya jambo hilohilo kwa kauli 24, ikitafuta uzito unaokaribia zaidi kulieleza jedwali zima la vipimo vya uhusiano kati ya kauli hizo, kwa kuwa data halisi hazitoki safi kama mfano wetu.

Angalia kwamba katika hesabu hiyo hatukumgusa mwalimu wala darasa; tumegusa jedwali la uhusiano tu. Faktori ni muhtasari wa jedwali hilo, na jedwali limetokana na kauli ulizochagua kuziuliza. Usipouliza lolote kuhusu nyumba za walimu, faktori ya makazi haitatokea hata kama makazi ndiyo kero kubwa ya walimu wako. Jambo hili lina historia ndefu: katika miaka ya 1930 L. L. Thurstone, akiwa Chicago, alitumia majaribio mengi ya namna tofauti na kuyachanganua kwa njia nyingine, akapata uwezo wa aina saba mahali ambapo Spearman aliona mmoja mkuu. Mabishano yao hayakuweza kumalizwa na hesabu peke yake.

Sasa tuje kwenye ile saba yako. Programu kama SPSS, usipoiamuru vinginevyo, hufanya uchanganuzi wa vijenzi vikuu, ambao ni jamaa wa uchanganuzi wa faktori lakini si wenyewe, kisha hubakiza kila kijenzi chenye thamani aigeni (kiasi cha tofauti za majibu ambacho kijenzi hubeba, kauli moja ikihesabiwa 1) inayozidi 1. Kanuni hiyo, inayojulikana kwa jina la Henry Kaiser tangu mwaka 1960, ina mantiki yake, maana kijenzi kinachobeba chini ya tofauti za kauli moja hakikupunguzii kazi yoyote. Udhaifu wake ni kwamba hata ungejaza hojaji 210 kwa kurusha dadu, bado vijenzi vingi vingevuka 1 kwa bahati nasibu tu. Kwa sababu hiyo John Horn alipendekeza mwaka 1965 uchanganuzi sambamba: kompyuta hutengeneza data za bahati nasibu zenye ukubwa sawa na zako, nawe unabakiza faktori zile tu zinazozishinda za bahati nasibu. Programu za bure kama R na jamovi hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Sitashangaa kama saba yako itashuka hadi nne au tatu.

Kabla ya hapo, zisome kauli zenyewe. Ukiona faktori moja imekusanya kauli za kukanusha peke yake, kama vile "Sioni sababu ya kuendelea na kazi hii" na "Sijisikii kuthaminiwa", usikimbilie kuiita "kukata tamaa". Ni jambo lililoonekana mara nyingi katika hojaji za aina hii kwamba kauli za kukanusha hujitenga kwa sababu ya umbo lake, hasa pale wajibuji wanapochoka na kuweka alama safu moja tangu juu hadi chini. Tazama pia namna ulivyozungusha mihimili, yaani namna kompyuta ilivyougawa upya uzito wa kauli kati ya faktori ili zisomeke kwa urahisi. Varimax, njia ya kuzungusha ya mwaka 1958, huzilazimisha faktori zisihusiane, nami sioni ni kwa vipi mwalimu anayeona uongozi wa shule yake umeoza awe na maoni kuhusu kazi yenyewe yasiyoguswa kabisa na hilo. Tumia mzunguko unaoruhusu uhusiano, kama oblimin au promax. Faktori zikiwa hazihusiani, matokeo yatakuonyesha hivyo bila kulazimishwa.

Kuhusu msimamizi wako, nadhani ana haki kwenye hatua ya kuanzia. Ukiwa na nadharia inayotaja faktori tatu na kauli zilizotungwa kwa ajili ya kila moja, chombo kinachofaa ni uchanganuzi wa kuthibitisha, ambao Karl Jöreskog wa Sweden aliuwekea msingi wake wa kihesabu mwaka 1969. Humo unatangaza mapema kauli ipi ni ya faktori ipi, kisha unapima kama data zinaukubali mpango huo, na unaulinganisha na mipango mingine, kwa mfano wa faktori moja tu. Kinachokatazwa ni kuchunguza kwanza kwenye walimu 210, kisha "kuthibitisha" ulichokiona kwa walimu walewale 210, na kuwagawa nusu kwa nusu kutakuachia sampuli mbili nyembamba. Chagua njia moja. Data zikikataa faktori tatu, iandike hivyo kwenye tasnifu na ueleze ni kauli zipi zilizoleta mgogoro. Huo ni mchango, na msimamizi mwema ataupokea.

SWALI: Mimi ni muuguzi na ninafanya utafiti kuhusu msongo wa mawazo kwa wagonjwa wa kisukari. Nina wagonjwa 60 na hojaji ya maswali 30 iliyotungwa Ulaya. Kipimo cha KMO kimetoka 0.52. Je, niendelee?
*Muuguzi, Mombasa*

JIBU: Hapana, dada au kaka yetu muuguzi, si kwa uchanganuzi wa faktori. KMO huonyesha kama maswali yako yana cha kushirikiana cha kutosha kufupishwa, na Kaiser mwenyewe alipopanga madaraja yake mwaka 1974 aliweka 0.50 kuwa mstari ambao chini yake data hazikubaliki kabisa. Wewe umeponea chupuchupu.

Utasikia kanuni ya watu kumi kwa kila swali, ambayo ingekudai wagonjwa 300. Kanuni hiyo ni nyepesi mno. Utafiti wa MacCallum na wenzake wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa idadi inayohitajika hutegemea uzito wa maswali na idadi ya maswali kwa kila faktori: yakiwa yameshikamana sana, watu mia na kitu wanaweza kutosha, yakiwa yamelegea, hata 300 ni wachache.

Kama lengo lako ni kujua nani ana msongo mkubwa na anahitaji msaada, jumlisha alama kama watungaji wa hojaji walivyoelekeza, toa taarifa ya uthabiti wake, na useme wazi kwamba muundo wa ndani haujapimwa kwa wagonjwa wako. Tahadhari hiyo ya mwisho si ya heshima tu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo kutoka kwa Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wa msituni, ambako zile faktori tano maarufu za haiba, zilizothibitishwa mara nyingi kwa watu waliosoma wa mijini, hazikujitokeza ipasavyo. Kwa hiyo usilinganishe wastani wa wagonjwa wako na wa Ulaya mpaka ithibitike kwamba maswali yanapima kitu kilekile pande zote mbili.

SWALI: Katika uchumi tunatengeneza faharasa ya utajiri wa kaya kwa kuuliza kuhusu bati, sakafu, redio, baiskeli na choo. Je, huo nao ni uchanganuzi wa faktori?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU: Ni yule jamaa yake, vijenzi vikuu, na hapo anafaa. Njia hiyo ilipata umaarufu kutokana na makala ya Filmer na Pritchett ya mwaka 2001 iliyotumia data za India, na tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, zikiwemo za Tanzania, hugawa kaya katika mafungu matano kwa faharasa ya namna hiyo. Katika faktori halisi tunadai kwamba kisichoonekana ndicho kinachosababisha majibu. Kwa mali mambo yako kinyume kidogo, maana bati na baiskeli ni sehemu ya utajiri wenyewe. Angalia mifugo tu. Mjini kaya isiyo na ng'ombe si maskini kwa sababu hiyo, na kijijini kaya isiyo na umeme inaweza kuwa na ng'ombe arobaini. Tengeneza faharasa za mjini na kijijini mbali mbali kabla ya kuziunganisha.

SWALI: Nimepima maji ya visima vya ukanda wa pwani: sodiamu, kloridi, naitreti, floraidi na upitishaji wa umeme. Mwenzangu anasema mbinu hii ni ya watu wa saikolojia.
*Mwanajiolojia, Tanga*

JIBU: Mwenzako amekosea, wanajiolojia na wanakemia wa maji wameitumia kwa miongo mingi. Sodiamu na kloridi zikikaa pamoja kwenye faktori moja kwa uzito mkubwa, maji ya bahari yanayopenya ardhini ni mshukiwa wa kwanza, na naitreti ikisimama peke yake, tazama vyoo vya shimo na mbolea. Fanya mambo mawili kwanza. Vipimo vingi vya maji huwa na visima vichache vyenye namba kubwa mno vinavyovuta uhusiano wote, kwa hiyo zigeuze namba kuwa logi (logarithimu). Pili, upitishaji wa umeme unatokana na chumvi hizohizo ulizozipima, hivyo ukiuacha ndani utainenepesha faktori ya chumvi bila kuongeza habari mpya, mimi ningeutoa.

Ukimaliza, weka alama ya faktori ya kila kisima, yaani kiasi ambacho kisima hicho kinaibeba faktori, kwenye ramani. Ikiwa visima vyenye alama kubwa ya chumvi havikaribiani na ufuko, au viko juu ya miamba yenye chumvi yake yenyewe, tafuta uwiano wa bromidi na kloridi kabla ya kuandika kwamba bahari imeingia.