Kushauriana na mjomba

Mhariri, shikamoo kama umenizidi, kama nimekuzidi basi marahaba.

Swali lenu la wiki, "Majaji wa mahakama ya juu kabisa nchini wateuliwe na nani na kwa utaratibu gani?", nimelisoma asubuhi nikiwa ghalani nasubiri gari la magunia, nikacheka peke yangu, maana hilo swali mjomba wangu alishaniuliza, tena sio kwa maneno ya kistaarabu hivo.

Mjomba alikuwa na kesi ya shamba la mikorosho, ekari sita tu, imeanzia Baraza la Ardhi ikaenda Mahakama Kuu ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, ambayo ndo ya juu kabisa hapa Tanzania. Ilipokuja kufanya kikao Mtwara mjini tukaamka usiku Tandahimba tukapanda kosta, mjomba kavaa koti la harusi, bahasha ya karatasi kaishikilia kifuani utafikiri mtoto. Tumefika, tumekaa nyuma, wakaingia majaji watatu na majoho yao, wote tukasimama. Kesi yetu haikumaliza hata nusu saa. Jaji wa katikati alimuuliza wakili wetu tarehe mbili tu: notisi ya rufaa mliweka lini, na rufaa yenyewe mmeileta lini. Kanuni zinasema siku 60 baada ya notisi na sisi tulikuwa tumeshapitiliza, na kosa lilikuwa letu wenyewe kabisa maana zile siku mjomba alikuwa anapulizia mikorosho salfa, dawa yake, akasema karatasi zitasubiri. Rufaa ikaondolewa. Sina kinyongo, nasema ukweli, hata mimi ningekuwa pale juu ningefanya vilevile.

Ila kwenye kosta ya kurudi, tumefika Nanyamba, mjomba alikuwa kimya njia nzima, akaniuliza: "Wale watatu nani kawaweka?" Nikamwambia Rais. "Peke yake?" Nikasema hapana mjomba, anashauriana na Jaji Mkuu. Akafikiria weee, alafu akauliza, "Na Jaji Mkuu akikataa?"

Sikuwa na jibu. Nilivyofika nikatafuta Katiba kwenye simu nikasoma ibara ya 118 mara tatu. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais, hapo hata hilo neno kushauriana halipo. Majaji wa Rufani wengine wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Akikataa? Ibara hiyo haisemi, kwaio jibu ni kwamba haibadilishi kitu, Rais amesikia, amefunga faili, anateua anayemtaka.

Sasa nataka mnielewe kwanini mjomba aliganda kwenye hilo neno. Kwetu Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ndo mwenye mtoto. Binti akichumbiwa, baba anaweza akawa ameshapokea soda na biskuti za watu lakini wajumbe wataambiwa "ngojeni tushauriane na mjomba wake", na kila aliyekaa pale kwenye mkeka anajua maana yake: mjomba akisema hapana, hapana, mkachukue viatu vyenu. Kushauriana kwetu ni kuomba kibali kwa lugha ya heshima. Alafu unafungua Katiba unakuta neno lilelile, herufi zilezile, ila halina meno hata moja. Mimi nadhani watu wengi wanaposikia "Rais ameteua baada ya kushauriana" wanasikia ile ya kwenye mkeka, na ndo maana hatuulizi.

Mtu ataniambia kuna Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ipo, ila hiyo Rais anashauriana nayo kwa majaji wa Mahakama Kuu, ibara ya 109, wa Rufani ibara ya 118 haiitaji. Na hata hiyo Tume yenyewe hesabu wajumbe: Jaji Mkuu mwenyekiti, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi wa Mahakama Kuu, na wengine wawili wa kuteuliwa na Rais. Sita. Sasa niambie hapo yupi ambaye kalamu iliyomuweka sio ya Rais. Hakuna.

Nisieleweke vibaya, sisemi waliopo ni wabovu. Mzee Nyalali alikuwa Jaji Mkuu kuanzia miaka ya 1970 mpaka mwaka 2000, kaanza na Nyerere, akapita kwa Mwinyi, kamalizia kwa Mkapa, na ni huyohuyo aliyeongoza tume iliyopendekeza turudi vyama vingi. Kwaio kalamu ya Rais inaweza kumleta mtu mzuri tu. Lakini hapohapo ona uzito wake, saini moja ya mtu mmoja imekaa kwa marais watatu.

Wakenya walibadilisha mwaka 2010. Kule nafasi inatangazwa, watu wanaomba kama kazi nyingine, Tume yao inawasaili, na kwenye hiyo tume wamo majaji waliopigiwa kura na majaji wenzao na mawakili wawili waliochaguliwa na mawakili. Jaji Mkuu na naibu wake wanapita tena bungeni. Mwaka 2011 alipatikana Willy Mutunga kwa njia hiyo, usaili unaonekana kwenye tivii, na mwaka 2021 wa Martha Koome nimeufuatilia mwenyewe kwa bando la kuungaunga, nimekaa chini ya mkorosho, mtu mzima jaji anaulizwa hukumu yake ya zamani aieleze aliifikiaje, anajikuna, anakunywa maji. Nilifurahi kwa kweli. Kati ya hao wawili kakaa David Maraga, ambaye tarehe 1 Septemba 2017 mahakama yake ilifuta uchaguzi wa rais. Sisi huku hata tungekuwa na Maraga kumi isingesaidia kwa hilo maana Katiba yetu inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais hakuna mahakama ya kuchunguza, ila hiyo ni mada nyingine, mtaiuliza wiki nyingine mkiwa na ujasiri.

Jirani yangu mwalimu mstaafu hakubaliani na mimi. Anasema kumuuliza jaji mambo ya mali zake na ugomvi wake mbele ya nchi nzima ni kumvua nguo, kesho atamhukumuje mtu. Anasema pia tume ikipendekeza rais anaweza kugoma tu, na hapo ana pointi, maana mwaka 2019 tume ya Kenya ilipeleka majina 41 ya majaji wa Rufaa na wa mahakama za ngazi ya Mahakama Kuu, Rais Uhuru akayakalia karibu miaka miwili, mmoja akafariki, Juni 2021 akateua 34 akaacha sita, hao sita wakaja kuteuliwa na Ruto Septemba 2022 alivyoingia tu. Na Marekani ndo usiseme, kule majaji tisa wa Mahakama ya Juu wanakaa maisha, Rais anapendekeza Seneti inapiga kura, mwaka 2016 Obama kampendekeza jaji Merrick Garland, Seneti ikakataa hata kumsikiliza mpaka Rais mwingine akaingia. Kwaio mlango ukiwa wazi siasa nazo zinaingia. Sawa mwalimu, nimekuelewa.

Lakini mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, najua kitu kimoja, mnada. Zamani korosho zetu zilikuwa zinaondoka na kangomba, biashara ya walanguzi, mtu anakuja usiku na kipimo chake cha bakuli mnamalizana gizani. Sasa hivi siku ya mnada tunakaa wakulima wote, bei za wanunuzi zinasomwa moja moja, siku hizi zinatokea hata kwenye skrini ya TMX, soko la bidhaa la Tanzania, fulani kaomba tani ngapi kwa shilingi ngapi, na tusiporidhika tunasema hatuuzi, kama tulivyokataa bei mwaka 2018. Je mnada umemaliza wizi? Haujamaliza. Madalali bado wapo, ujanja bado upo. Ila mtu akitaka kunidhulumu sasa hivi inabidi anidhulumu nikiwa namuona. Kilo ya korosho inapata heshima hiyo, jaji wa Rufani ambaye neno lake ndo la mwisho kwenye shamba lako na shingo yako tunamjua siku taarifa ya Ikulu inatoka, keshateuliwa tayari, kilichobaki kuapishwa.

Kwaio jibu langu ni hili. Sitaki kura, sitaki jaji aombe kura kwangu na fulana na kofia, mtu huyo nitamuogopa zaidi. Rais aendelee kusaini. Ila majina yatoke kwenye Tume, Tume yenyewe iwe na watu ambao Rais hakuwaweka, hata mawakili wachague wao wawili watatu, na kabla ya kusaini majina yabandikwe siku 30, gazetini, redioni, kwenye ubao wa kila mahakama mpaka ya mwanzo, aliye na neno aseme. Sihitaji kujua jaji ana wake wangapi. Nataka kujua hukumu zake tu.

Na kuna kitu hamjakiuliza lakini kwangu ndo kikubwa kuliko uteuzi. Jaji wa Rufani anastaafu miaka 65, ila Rais akiona inafaa kwa manufaa ya umma, na jaji akikubali kwa maandishi, anaongezewa muda. Jaji Mkuu Profesa Ibrahim Juma alifika 65 mwaka 2023 akaongezewa, akaja kuondoka 2025 akaingia George Masaju. Simtuhumu yeyote hapo, ni Katiba inaruhusu. Lakini fikiria tu jaji yeyote wa kesho, ana miaka 64 na nusu, mezani kuna kesi ya serikali, na anayeamua kama mwakani atakuwa na hiyo ofisi ni mwenye serikali. Hata awe malaika. Hicho kipengele mimi ningekifuta chote, 65 ni 65, ukapumzike na wajukuu.

Haya yote nimemsomea mjomba kwa simu kabla sijatuma. Kasema sawa, ila siku hayo majina yakibandikwa nimpigie. Kasema nimpigie jioni, mchana kule shambani simu haishiki.