Mwanangu, umeniuliza kuhusu skuli ya mjukuu wangu

Salaam aleikum mwanangu. Meseji yako ya jana nimeisoma nikairudia. Umeuliza mambo mawili, kwanza mjukuu wangu aingie Gredi ya Kwanza skuli ya serikali hapo karibu na kwenu Bamburi ama umpeleke akademi, hizi skuli za kulipia, halafu ukamalizia, "Mama wewe ulikuwa mwalimu, kwani si elimu ya bure ya 2003 ndiyo iliyoua skuli za serikali?" Hilo la pili limenichoma, manake nalisikia kila siku kwenye redio na kwenye matatu, sikutarajia litoke kwako. Wacha nianze nalo, la akademi tutafika.

Mwaka ule mimi nafunza darasa la kwanza na wewe uko la tatu, skuli ile ile, unakumbuka. Rais Kibaki kaapishwa mwisho wa Desemba, Januari milango ikafunguliwa, hakuna tena pesa ya jengo, hakuna ya mtihani, hakuna mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya deski. Nchi nzima watoto wa msingi walikuwa kama milioni 5.9 wakafika milioni 7.2 mwaka huo huo. Sasa walimu wako wapi? Kuajiri kulifungwa tangu 1998, mpaka mmoja atoke ndipo aingie mwengine. Na serikali ikatoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka mzima, 650 za vitabu na 370 za mengine yote, na hizo 370 ndizo za maji, ndizo za vyoo, ndizo za mlango ukivunjika. Darasa langu lilijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Daftari nasahihisha safu mbili leo, mbili kesho, na nikimaliza safu ya mwisho, wale wa safu ya kwanza washasahau nilichowafunza. So ukisema ubora ulishuka sibishi, mimi nilikuwa ndani.

Lakini ulishuka kwa nani? Hapo ndipo mimi na watu wa redio tunapoachana. Wale watoto hawakuzaliwa Januari ile. Walikuwepo, walifukuzwa na fizi za skuli tangu zile siasa za kugawana gharama za miaka ya themanini mwishoni, wako sokoni Kongowea wanabeba viazi, wako majumbani wanalea wadogo zao. Mtoto aliye nje hahesabiwi katika wastani wa skuli, kwa hivyo wastani unaonekana mzuri. Mimi nimesema na nitasema, skuli ipimwe kwa yule ambaye bila hiyo skuli hana pengine pa kusomea.

Kulikuwa na kijana mmoja, miaka kumi na mbili hivi, mamake alimleta amejifunga leso mbili, kijana mwenyewe ametoka kusukuma mkokoteni. Magoti hayaingii chini ya deski, ikabidi akae upande. Hesabu za kichwa alikuwa ananishinda, ukimwambia gunia limegawanywa debe ngapi na chenji ya mia tano ni ngapi ashakujibu, lakini jina lake hajui kuliandika. Watoto walimcheka wiki ya kwanza, wakaacha wenyewe. Muhula wa tatu akaja mezani kwangu na kipande cha gazeti kilichofungiwa bajia, kimelowa mafuta, akaweka kidole chini ya mstari akasoma bei ya unga, neno moja moja, mpaka mwisho, halafu akaniangalia. Wallahi mwanangu, nimefunza miaka mingi, nimetoa watoto wa alama mia nne, hakuna aliyenipa furaha ile.

Aliacha darasa la nne, babake alianguka kazini. Kwenye vitabu vya wizara huyo ni mtoro, amehesabiwa katika kufeli kwetu. Leo ana kibanda cha vipuri vya tuktuk Kisauni na risiti anaandika mwenyewe. Niambie wewe uliyesoma, huyo ameandikwa wapi katika huo ubora?

Sasa na lile la mkutano wa wazazi, ulikuwa mdogo hukulijua vizuri. Mzazi mmoja, mtu wa ofisini, mtoto wake nambari wani, alisimama mbele ya wote akasema tunawachanganya watoto wao na machokoraa. Na mamake yule kijana ameketi pale pale, hata leso hakuipandisha. Muhula uliofuata wakaanza kuhama, mmoja mmoja, na hao ndio waliokuwa wakimsumbua hedimasta, vyoo vimejaa wanapiga simu ofisi ya elimu, mwalimu akikosa wanauliza. Walipoenda akademi, ule usumbufu walienda nao. Watu husema maskini waliingia skuli ikaharibika. Mimi nimeona wenye sauti wakitoka, na waliobaki wakiongea hakuna anayewasikiza.

Na babako naye akakuhamisha wewe. Kelele za usiku ule nadhani uliziskia, ukuta ule ulikuwa mwembamba. Mimi mwalimu wa serikali, asubuhi nakuvalisha yunifomu ya akademi halafu nashuka kwenda kwa watoto wa wenzangu. Babako mpaka leo akiwa na wageni barazani husema matokeo yako ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ni akademi. Labda. Madarasa yalikuwa madogo, hilo nakubali, na mwalimu wako alijua jina lako. Lakini nyumbani kulikuwa na magazeti, kulikuwa na mimi nakusomesha kila usiku, kulikuwa na Mjomba na hesabu zake. Ungeshindwa wapi wewe?

Ulipokuwa chuo kikuu ulinisomea kwenye simu habari za yule Mmarekani, Coleman, na utafiti wake wa 1966, kwamba nyumba anayotoka mtoto ina uzito kuliko vifaa vya skuli. Nilikasirika, nikaona tumeambiwa walimu tukae nyumbani. Ndipo ukaniletea ile ya Heyneman na Loxley ya 1983, walioangalia nchi 29 wakaona kwenye nchi maskini skuli na mwalimu ndio wanaobeba zaidi. Zote mbili naziona pale pale kwenye darasa langu. Wewe ni nyumba iliyokubeba. Yule kijana nyumba yake haikuwa na hata kalamu, kama si darasa lile lililofurika bei ya unga angesomewa na mtu mpaka leo.

Hapo hapo najibishana na nafsi yangu. Kumfungulia mtoto mlango halafu umpe mwalimu asiyemwona ni kumdhulumu pia. Lile shirika la Uwezo walipoanza kuwapima watoto majumbani 2009 wakakuta wengi wa darasa la tatu hawasomi hadithi ya darasa la pili, na sikuwa na la kujibu. Na hii CBC sasa, huu mtaala wa umilisi, mzazi aprinti picha, mzazi atafute vifaa, mzazi akae na mtoto, ile nyumba ya Coleman imeingizwa ndani ya skuli kwa nguvu, na mama anayetoka Kongowea saa mbili usiku atakaa na nani?

Kwa hivyo la akademi. Mjukuu wangu ana wewe, ana babake, ana vitabu kitandani, atasoma popote. Unajua nataka kusema nini na najizuia, manake babako atasema nimekuchagulia kulipiza la 2003, na mtoto ni wako. Lakini kabla hujalipa hiyo pesa ya akademi nenda pale skuli ya serikali siku ya kazi, si siku ya wageni, ingia Gredi ya Kwanza uhesabu watoto, uulize walimu wangapi ni wa TSC, walioajiriwa na serikali, na wangapi wa BOM, wanaoajiriwa na bodi ya skuli, uangalie vyoo vya wasichana. Na ukiamua kumpeleka pale, mkutano wa wazazi wa kwanza nipigie simu, nitapanda matatu nije niketi mbele kabisa, nina maswali ya hedimasta.

Mamako