Mbegu za nyanya zimegoma kuota

SWALI: Kikundi chetu cha bustani, Morogoro, kilikamua mbegu za nyanya tukazianika juani juu ya bati. Zimeota chache mno. Tumekosea wapi?

JIBU: Bati ndilo lililoziunguza. Chagueni nyanya zilizoiva hadi kulainika, za miche isiyo na ugonjwa. Kamulieni mbegu na majimaji yake kwenye kopo, ziacheni kivulini siku 2 hadi 3 mkikoroga kila siku, mpaka ule utando wa utelezi uachie. Msizidishe, zitachipua humo humo! Ziosheni, mzitandaze kwenye sahani kivulini wiki 1. Kwenye karatasi zinagandia. Mbegu chotara, yaani ya aina mbili zilizochanganywa, msihangaike kuitunza, watoto hawatafanana na mama. Sieni kitaluni masika yakiishia, Mei, maana mvua nyingi huleta ugonjwa wa baka jani.